Taarifa ya Saa Nne

Siku yangu ya kwanza kama mkufunzi wa makuruta niliripoti kambini nikiwa na woga. Nilikuwa koplo mpya, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Bagamoyo mjini. Shule niliishia darasa la saba. Kidato cha nne nilikisoma ukubwani, masomo ya jioni, natoka kazini na sare yangu ya kombati naingia darasani hivyo hivyo. Kwa hiyo waliponiita nifundishe, sikuamini. Kuruta ni askari ambaye hajaapishwa bado, na miezi ile ya mwanzo ndiyo inayomjenga au kumharibu.

Mkufunzi mkuu alikuwa afisa mteule, cheo kilicho juu ya masajini wote na chini ya maofisa wenye nyota. Sisi tulimwita Afande Mteule. Mtu mfupi, sauti ya chini, hakuwa na haja ya kufoka. Alisoma barua yangu mara mbili, akaniambia nitafundisha historia na mila.

"Wengine watawafundisha kulenga shabaha," akasema. "Wewe utawafundisha kwa nini wanabeba hiyo silaha. Ukikosea, Koplo, hatutajua leo. Tutajua siku mambo yameharibika."

Nilitoka pale nimechoka kabla sijaanza. Usiombe kuambiwa maneno kama hayo asubuhi ya kwanza.

Nyie makuruta mnaoingia sasa mnadhani somo la mila ni kukariri nani alianzisha kikosi na rangi za bendera zina maana gani. Hilo lipo, na mtaulizwa kwenye mtihani. Lakini mila yenyewe ni vitu vya kila siku. Kiongozi anakula mwisho, baada ya kuona wa chini yake wote wamepata. Mkubwa hatumi mtu mahali ambapo yeye hawezi kwenda. Taarifa hutolewa kama ilivyo, hata ikikuchoma mdomo. Na mwenzako haachwi nyuma. Hili la mwisho nililipenda kuliko yote. Nilikuwa nawasimulia habari ya askari wa zamani waliombeba mwenzao aliyevunjika mguu siku mbili nzima, kwa zamu, mabegani. Wasichana walikuwa wanalia. Mimi nikiona wanalia naona somo limeingia.

Mwaka wangu wa sita kwenye kazi hiyo nilipewa platuni ya wasichana thelathini na wanne, niwafundishe na niwaongoze kwenye matembezi marefu. Matembezi ni safari ya miguu na mzigo mgongoni, kutwa nzima. Njia yetu ilikuwa upande wa Mkange, vichaka vya miiba na vijia vya ng'ombe, kuelekea kwenye mbuga. Nyati wanavuka huko. Tembo wanavuka. Niliamka Alfajiri nikaswali, nikaomba dua ndefu kuliko kawaida, maana moyo ulikuwa mzito bila sababu ninayoijua.

Kwenye kichaka watu wanakwenda mmoja mmoja, huwezi kuwaona wote. Kuhesabu kunafanyika kwa sauti. Wa mbele anaita moja, anayefuata mbili, mpaka mwisho. Saa nne kamili nilitoa amri ya kuhesabu, nikasikia thelathini na nne, nikaita kambini kwa redio ya upepo: wote wapo. Wala sikugeuka nyuma.

Saa saba tukafika kwenye uwazi ambapo gari la jikoni lilikuwa limetuachia madumu ya maji na gunia la chakula, likarudi zake. Chakula kilifungwa kambini kwa idadi yetu: chapati mbili na yai kwenye karatasi, vifurushi thelathini na tano, changu kikiwemo. Nikasimama nikagawa kama desturi inavyotaka. Walipokwisha kupita wote nikaingiza mkono kwenye gunia nichukue cha mwisho. Vilikuwa viwili.

Nikavitazama. Nikawaambia aliyesahau kuchukua aje. Hakuja mtu. Kuna mmoja akatania kwamba jikoni leo wametupenda, wengine wakacheka, halafu kicheko kikafa, nikaona wanatazama chini.

"Nani hayupo?"

Alisimama Neema, binti mrefu, hodari, niliyekuwa namtaja kwa wenzake kama mfano. Akasema ni Salma. Salma aliingia siku zake njiani, akaona aibu kuniomba ruhusa, akamwambia Neema anajificha kidogo kichakani kisha atawakuta mbele. Ilikuwa kama saa tatu. Kwenye kuhesabu Neema aliita namba ya Salma kwa sauti nyingine, kisha akaita yake. Waliokuwa karibu walisikia na wakanyamaza.

"Kwa nini?"

"Afande, ulisema mwenzako haachwi. Nikisema hayupo, angepata adhabu. Sikutaka kumwacha."

Nikatazama saa. Saa nne zilikuwa zimepita tangu Salma aonekane, yuko peke yake, maji yake chupa moja, kwenye njia za nyati. Na mimi nimeshasema kwenye redio kwamba wote wapo.

Sasa nitasema jambo ambalo kwa miaka mingi nililisema kwa Mwenyezi Mungu na kwa wakubwa wangu tu. Sikuita kambini hapo hapo. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa usajini. Nikajiambia yuko karibu, nitampata, nitarekebisha mambo kimya kimya. Nikachukua wasichana sita tukarudi nyuma tukiita jina lake. Vichaka vile vinameza sauti. Kila tulipotoka kona moja nilisema kona inayofuata. Nusu saa ikaenda hivyo, ndipo nilipokaa kwenye majani, nikasema Astaghfirullah, nikaita kwenye redio.

Afande Mteule akanisikiliza mpaka mwisho.

"Taarifa yako ya saa nne ilisemaje?"

"Wote wapo, afande."

"Uliwaona?"

"Nilisikia sauti, afande."

"Kaeni hapo hapo, msipotee na nyie. Tunakuja."

Walikuja na magari mawili na wazee wa kijijini wanaojua vijia. Adhuhuri niliswali na kombati yenye vumbi, sijui kama nilisoma sawasawa. Alasiri ikaingia. Wasichana walikaa duara, hakuna aliyegusa chakula chake kilichobaki.

Jua likielekea kuzama redio ikasema amepatikana. Wachoma mkaa walimkuta amelala kwenye kijia cha ng'ombe kilichompeleka upande mwingine kabisa, midomo imepasuka, hajui jina lake. Alhamdulillah, aliishi. Lakini lile joto lilimuumiza figo, na daktari akaandika kwamba jeshi haliwezi tena. Walimrudisha kwao Ubena na begi lake.

Mkuu wa kikosi, luteni kanali, akaniita ofisini. Nikamweleza yote, nusu saa ile nayo sikuificha.

"Hiyo nusu saa ulikuwa unamtafuta nani, Koplo? Yule binti, au cheo chako?"

"Vyote viwili, afande."

Akaandika. Jina langu likatolewa kwenye orodha, nikausubiri usajini miaka minne mingine. Walitaka na Neema arudishwe kwao. Nikasema Neema alifanya nilichomfundisha, kama kuna wa kuondoka basi niondoke mimi. Afande Mteule, ambaye hakuwahi kunitetea kwa lolote, akasema kweli hiyo. Neema akabaki na adhabu ya kambini, akaapishwa na wenzake.

Toka siku ile habari ya askari waliombeba mwenzao nilikuwa naisimulia kwa namna nyingine. Nilikuwa nawauliza makuruta: wale waliombeba, walianzaje? Walianza kwa mmoja kusimama na kusema, fulani hayupo. Kumficha mwenzako hesabuni ndiko kumwacha. Na kila saa nilisimamisha safu nzima nikapita mmoja mmoja, namtazama usoni. Wakufunzi wenzangu wakanicheka, wakaniita mkaguzi wa mbuzi. Wacheke.

Mwaka jana nilistaafu, nikajenga Mapinga. Safari ya kwanza niliyofanya kama raia ilikuwa kwenda Ubena. Salma sasa ni fundi cherehani, ana mtoto mmoja. Akanipokea kwa shikamoo kama tulivyokuwa kambini, akaniwekea mkeka. Mama yake hakunyanyuka. Alikuwa ameshika fomu ya mdogo wake Salma, binti wa mwisho, anayetaka kuingia jeshini, na mama anakataa. Salma alikuwa ameniomba nije nizungumze na mama yake.

Nilikuwa na maneno mengi tayari, ya mila, ya uongozi, miaka yote ile nilikuwa nayatoa bila kutazama daftari. Yule mama akayakata.

"Mwanangu mara ya mwisho ulimwona kwa macho yako saa ngapi?"

"Saa mbili, getini. Baada ya hapo sikumwona."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa analijua jibu na anataka tu kulisikia kwangu.

"Na wewe una binti?"

"Ninaye."

"Ungempeleka?"

"Nimempeleka. Yuko kambini wiki ya sita. Simu walizichukua. Silali vizuri, nikimaliza Isha nakaa na tasbihi mpaka macho yanauma. Najua wanachofundishwa, na najua wanaofundisha ni watu kama mimi."

Salma alisimamisha cherehani. Kisha mama yake akaikunjua ile fomu gotini, akamwomba Salma kalamu.

"Haya," akaniambia. "Tutakesha wawili."