Nembo ya Kampuni Isiyokuwepo

Mtaani walimwita Mama Herufi, na jina lilimkaa. Bango la kinyozi, la duka la dawa, la fundi saa, la chuo cha udereva, yote yalitoka mkononi mwake kwa miaka ishirini na sita. Kushika brashi bila kutetemeka alifundishwa na baba yake mdogo. Kushuku watu alijifunza mwenyewe. Zamani alimjia bwana mmoja mwenye suti na sauti ya upole, akaomba nembo ya chuo cha uuguzi: taa, na chini yake mikono miwili. Aliichora akaipenda. Chuo hakikuwepo. Vijana wengi walipigwa changa la macho, yule bwana akayeyuka, na aliyeitwa polisi kutoa maelezo akawa yeye, maana jina lake lilikuwa kwenye kona ya bango. Tangu hapo hakumchorea mtu bango kabla hajauona mlango wa ofisi kwa macho yake.

Kwa hiyo asubuhi moja, dada mwenye miwani mikubwa alipoingia karakanani kutaka nembo za kampuni nne, alimuuliza swali lake la siku zote: kampuni ziko wapi?

"Hazipo," dada akajibu.

Mama Herufi akaweka brashi chini. Matapeli aliwaona wa kila namna, ila anayekiri mapema hivyo hakuwahi kumwona.

Dada akaeleza bila haraka. Kazi yake ilikuwa kupamba mandhari za filamu, na wenzake walimwita Miwani. Hadithi ilitokea miaka mia mbili ijayo, na mji wa wakati huo ulihitaji kampuni zake: moja ya kuchimba barafu mwezini, moja ya kutunza kumbukumbu za watu, moja ya kusafirisha abiria kati ya sayari, na moja kubwa kuliko zote, inayouza hewa safi kwenye mitungi. Mama Herufi alimtazama kuanzia utosini hadi unyayoni, akataka aletewe hadithi yenyewe. Akaisoma siku mbili, kurasa zote, akiwinda penye uongo, mpaka akakumbuka kwamba yote ni ya kubuni.

Nembo tatu hazikumsumbua. Ya barafu aliipa herufi nene zenye kona kali, kana kwamba zimekatwa kwa shoka. Ya hewa ilimkwamisha, kwa sababu kwenye hadithi hao ndio wezi: huuza mitungi ambayo hawakuijaza. Miwani alipendekeza rangi nyeusi na kitu chenye makali, mtazamaji atambue mapema.

"Mwanangu, mwizi hajichori meno," Mama Herufi akamwambia. "Anachora kitu ambacho hata mama yako angekiamini."

Akachora jani dogo la mviringo, buluu ya asubuhi, na jina kwa herufi zisizo na kona hata moja. Alipoihamishia kwenye ukuta wa ghala tupu walilokodi watu wa filamu, alirudi nyuma hatua kadhaa kuitazama, na roho ikamsuta. Ilikuwa nzuri mno.

Wiki haikuisha. Binti wa mdogo wake, aliyekuwa amemaliza masomo na kukaa nyumbani mwaka mzima, alikuja kumsalimu uso umechangamka.

"Mama mkubwa, niombee. Nimepeleka barua ya kazi kwenye ile kampuni mpya pale ghalani, yenye jani. Mlinzi ameipokea."

Machale yakamcheza. Akavaa viatu, akaenda ghalani.

Langoni alimkuta mlinzi ameketi, na kando ya kiti chake katoni imejaa bahasha. Alipoinama kuzitazama, mlinzi akaisogeza katoni nyuma kwa mguu. Mama Herufi akamwita Miwani atoke ndani, akamuuliza barua za watu zinakusanywa kwa kazi gani. Miwani akamgeukia mlinzi. Mlinzi ndiye aliyejibu.

"Nimewaambia ni sinema, Mama. Wanasema nawaficha nafasi ili niwape ndugu zangu. Nigombane na watu kutwa nzima?"

Maelezo yaliingia akilini, na hilo ndilo lililomtia shaka. Ya bwana wa suti nayo yaliingia akilini. Akazigeuza bahasha moja moja kuona kama zimefunguliwa. Tatu zilikuwa wazi. Mlinzi akasema gundi mbaya. Labda. Mama Herufi hakuwahi kujua.

Yeye na Miwani wakageuza ndoo za rangi, wakaketi, wakawapigia simu wenye barua hadi adhuhuri. Wengine walishukuru. Wengine walikata simu, na mmoja akamwambia Mama Herufi kwamba anazijua mbinu za watu wa ofisini. Binti wa mdogo wake akauliza kama hiyo sinema haihitaji watu. Ilihitaji. Akachukuliwa siku nane kuigiza mfanyakazi wa kampuni ya hewa, akavalishwa sare yenye jani kifuani. Mkataba wake Mama Herufi aliusoma mara mbili, pamoja na maandishi madogo ya chini.

Langoni akasimamisha kibao cha herufi nyeusi: HAPA NI FILAMU, KAMPUNI HAIPO. Siku ya pili yake, bahasha nne zilikutwa zimesukumwa chini ya lango.

Filamu ilipomalizika, Miwani alimpigia kumwambia kwamba mwenye ghala ameipenda ile picha, angependa ibaki. Mama Herufi hakubishana. Alifika na ngazi, rola na rangi nyeupe. Mkono wa kwanza wa rangi, jani bado lilionekana. Mkono wa pili, likabaki kama kivuli. Alikuwa kwenye wa tatu aliposikia mtu akikohoa chini yake: mwanamume wa makamo, faili la plastiki kwapani, akiuliza kampuni imehamia wapi.

Akashuka ngazi, akajifuta mikono.

"Haikuhama," akasema. "Niliichora mimi. Hapakuwa na kitu."

Yule mtu alimtazama kwa jicho la anayejua kwamba anafichwa jambo. Akamshukuru kwa adabu, kisha akaenda kumuuliza mlinzi.