Promise ni nani?

Leo mama mukwe wangu alitafuta bibi wa pili ndani ya kompyuta yangu.

Munajua ninajifunza kutengeneza kurasa za mtandao kule Gihundwe. Nilitengeneza moja ya nyumbani: Papa Neema, bwana yangu, anaandika ujumbe akiwa Bukavu, sisi tunausoma huku Kamembe, ngambo ya daraja la mpaka.

Asubuhi watu walisema kule Bukavu risasi zinalia. Nikafungua ukurasa haraka.

Pahali pa ujumbe wake kukatokea: [object Promise].

Mama mukwe akasogea.

"Promise ni nani? Ni mwanamuke?"

"Hapana, Maman. Maana yake ahadi. Mashine imeuliza Bukavu, jibu liko njiani bado, ndiyo maana inatuonyesha ahadi tu."

"Ahadi za mtoto wangu ninazijua. Mimi ninataka jibu."

Hapo nikaona kosa: nilisahau kuandika await, neno la kuiambia mashine ingoje. Nikaliongeza. Nikafungua ukurasa tena, Neema mgongoni, na ujumbe wa baba yake ukatokea:

"Niko kwa daraja. Munitayarishie maji ya kuoga."

Mama mukwe akabeba ndoo mwenyewe. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na huyo Promise, atakula na sisi?"

Niambieni nimujibu nini.