Mama Yake Bwana Vifungo

Nilitoka Haneti kwenda Dodoma mjini kwa sababu moja tu: niliambiwa nimekufa.

Habari hiyo aliniletea jirani yangu, Mama Yeremia, alipotoka mjini kuuza karanga. Alinikuta nimekaa nje napepeta mtama. Hakunisalimia. Akasimama ananitazama miguu.

"Unatafuta nini miguuni kwangu?"

"Naangalia kama inagusa chini," akasema.

Ndiyo akanieleza. Kapita dukani kwa mwanangu Masinga, Masinga mwenyewe hayupo, kamkuta fundi cherehani anayeshonea pale barazani. Katika kuongea, fundi akamwambia huyu kijana kajitahidi sana, maana ni yatima, baba kafa, mama kafa, hana mtu duniani.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema pole yake. Ningesemaje?"

Tukacheka mpaka ungo ukaanguka. Alipoondoka sikucheka tena. Masinga ndiye mtoto niliyebakiwa naye.

Sasa wajukuu zangu, kabla sijapanda lori, niwaambie kwanza huyo aliyeniua. Masinga alipokuwa sekondari alikuja likizo na kitabu cha Kizungu, jalada limeng'oka. Tukawa tunabangua karanga, ananisomea huku anageuza kwa Kigogo chetu. Ni habari za Mmarekani mmoja. Kashuka kwenye treni katika mji mkubwa, hana kitu ila mfuko wa vifungo vya mashati. Jina lake lilinishinda kulitamka, nikamwita Bwana Vifungo. Akauza kimoja kimoja, akapata meza, akapata duka, akapata jumba refu mpaka mawingu yanalizunguka. Na hakuna aliyemuuliza kwao wapi wala baba yake nani! Ukurasa wa mwisho yuko dirishani, juu kabisa, peke yake, anatazama mji. Masinga akifika hapo macho yanamng'aa.

"Umeona, mama? Kajitengeneza mwenyewe! Kule Marekani ndivyo watu wanavyoishi."

"Mama yake yuko wapi?"

"Kitabu hakisemi."

"Basi aliyekiandika alikuwa na haraka," nikasema.

Mimi hadithi ndiyo kazi yangu, mnanijua. Nikawa naisimulia ile ya Bwana Vifungo kijijini, na mama yake nikamtia. Namtia anamfulia shati, namtia anamsindikiza kwenye treni. Masinga akinisikia ananikatiza mbele ya watu: "Mama, hiyo haimo kitabuni."

Ikaja ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na vumbi tu yakajaa sabuni, redio, na mitumba marobota kwa marobota. Vijana wote wakawa wafanyabiashara. Masinga naye akaniaga. Mnajua alikwenda na nini? Mfuko wa vifungo! Mimi ndiye niliyemkusanyia, nikipita nyumba hadi nyumba nakata kwenye nguo kuukuu za kijiji kizima. Mzee mmoja mpaka leo suruali yake inafungwa kwa kamba.

Jumanne asubuhi nikapanda lori la magunia. Nilibeba furushi la mlenda mkavu, mboga anayoipenda Masinga, tena niliutwanga mwenyewe. Dereva akanipa nafasi mbele kwa heshima ya mvi zangu.

"Shikamoo bibi. Unakwenda mjini kufanya nini?"

"Marahaba. Nakwenda matangani."

"Pole sana. Nani kafariki?"

"Mimi."

Akakanyaga breki mpaka magunia yakasogea. Ilibidi nimweleze yote. Barabara ilikuwa mashimo matupu, tunayumba, yeye anacheka anagonga usukani. Tulipofika Makutupora akasimama kununua zabibu, akanipa kifungu kizima. "Kula, marehemu," akasema.

Saa tisa mchana tukaingia Dodoma. Upepo wa mji ule ukikupiga unakula mchanga kabla hujala chakula. Duka nikaliona karibu na soko. Mimi nilisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, herufi kubwa hazinishindi, nikasimama nikazisoma moja moja: MISTA JONI, NGUO ZA MAREKANI. Barazani kakaa fundi, Bwana Salimu, mtoto wa mjini hasa, kofia ya kiua, futi shingoni.

"Shikamoo bibi! Karibu. Mista Joni, mteja!"

Akatoka ndani kijana kavaa koti zito katika jua lile. Masinga wangu! Kanenepa kidogo. Kaniona, mdomo ukabaki wazi. Nikangoja. Nilijiambia, akisema "mama" tu, yameisha, nageuka na lori lile lile.

"Karibu, bibi," akasema. "Unatafuta nini?"

Nyie! Mwanangu kaniita bibi! Lakini sikuanguka. Mimi si mtu wa kuanguka dukani.

"Natafuta koti la mwanangu," nikasema. "Mrefu kama wewe."

Fundi alipokwenda msikitini kuswali, Masinga akanivuta ndani nyuma ya marobota, furushi langu akalisukuma chini ya meza.

"Mama, nisamehe, nivumilie siku moja tu."

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Homa."

"Homa tu! Ungenipa hata simba."

Hakucheka. Akanieleza. Alipofika mjini alitaka aanze kama Bwana Vifungo, mtu asiye na nyuma. Watu walimpenda kwa hilo, wakamsifu, uwongo ukanoga. Sasa kapata mchumba huko Chamwino, jina lake Tabita. Bwana Salimu ndiye mshenga wake. Wamekwenda mara mbili, na mara zote mbili baba wa binti, Mzee Ndalu, kawarudisha. Mzee anauliza ukoo na mwiko wake. Sisi Wagogo kila ukoo una kitu usichokula, na mtu usiyemjua mwiko humpi binti, huenda ni ndugu yake. Masinga kawaambia hajui, kaachwa mdogo mno.

"Si uwaambie ukweli?"

"Nikiutaja ukoo, mama, watatuma mtu Haneti kuuliza. Watakukuta mzima."

Unaona alivyojifungia mlango na ufunguo kauacha ndani? Kesho yake ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Akaniomba niende naye, niwe bibi jirani, niseme nilimjua marehemu mama yake.

Wajukuu zangu, mwingine angelia. Mimi nikasema sawa. Nilitaka kumwona binti. Na nilitaka kuona mwanangu atafika mpaka wapi na jambo lile.

Jumatano saa mbili tukaondoka kwa pikapu ya kukodi. Tulipita Mtumba. Leo nasikia ni wizara tupu, siku zile ni vichaka na mbuzi. Bwana Salimu njia nzima anaongea.

"Bibi, marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mzuri wa sura," nikasema. "Na mdomo anao."

"Mungu amrehemu."

"Amina," nikaitikia. Masinga akatazama nje.

Chamwino tukapokewa vizuri. Mzee Ndalu ni mfupi, mkavu, macho kama ya kuku anayetafuta punje. Akamkaribisha Bwana Salimu achinje mbuzi mwenyewe ili wote tule. Wanaume wakakaa upande mmoja wa ua, sisi wanawake upande wa jiko. Tabita akaja kuninawisha. Akapiga goti, akamimina maji taratibu, akaninong'oneza: "Bibi, tusaidie. Baba akikataa leo hakuna tena." Nikampenda papo hapo. Mama yenu ndiye huyo, na mpaka leo akinong'ona nyumba ya pili wanasikia.

Mzee Ndalu akanipigia kelele kutoka kule: "Bibi, tunaambiwa unatoka kwao na kijana. Ulimjua mama yake?"

"Nilimjua kuliko wote."

"Basi tuambie ukoo wao."

"Hilo aseme mwenyewe," nikasema. "Mimi ni msindikizaji tu."

Mzee akaguna. "Tule kwanza."

Ugali ukaja, na nyama. Mama yake Tabita, mwanamke mkunjufu, akanichagulia vipande vya heshima, ini na moyo, juu ya ugali wangu. Mimi nikakishika kipande cha moyo nikakiweka pembeni ya sahani, mkono ulikwenda wenyewe. Akaniona.

"Bibi, mbona unautupa moyo? Haujaiva?"

"Umeiva, mwanangu. Kwetu hatuli."

Akageuka akamwita mumewe kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Baba Tabita! Mpeni mwingine huko huu moyo, mgeni wa huku hali!"

Halafu nikasikia sauti ya Mzee Ndalu, polepole.

"Hata huku yupo asiyekula."

Watu wote wakatazama sahani ya Mista Joni. Kila kitu kala, ila ule moyo kausukuma ukingoni, umelala peke yake. Kabadili jina, kabadili nguo, kaniua mimi, lakini mkono wake haujui habari hizo.

"Kijana," Mzee Ndalu akasema, "uliniambia mwiko huujui. Huu nani kakufundisha?"

Masinga jasho linamtoka ndani ya lile koti. Bwana Salimu kashika kipande cha nyama hewani, hakipeleki mdomoni wala hakishushi. Tabita kasimama na birika.

Ningeweza kumwokoa. Ningesema kijiji kizima hatuli moyo, wangeamini, mimi nikisimulia watu huamini. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza.

Masinga akasimama. Akauvuka ule ua wote mpaka upande wa wanawake, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, shikamoo," akasema. Kwa sauti, kila mtu asikie.

"Marahaba, Masinga."

"Huyu ndiye mama yangu," akawaambia. "Hakufa. Mimi nilisema amekufa. Hata vifungo vya kwanza nilivyouza alinikusanyia yeye."

"Astaghafirullah!" Bwana Salimu akasema. "Na mimi njia nzima namwombea rehema!"

Mama yake Tabita akaanza kucheka, akajiziba na khanga. Mzee Ndalu hakucheka. Alikuja akasimama juu yetu.

"Mama, wewe si wa ukoo wa mumeo. Mwiko huu ni wako?"

"Si wangu," nikamjibu. "Kwetu nilikozaliwa tunakula moyo, na ni mtamu. Nimeuacha tangu mimba ya huyu, nisimlishe mwiko wa baba yake akiwa tumboni. Nilipomaliza kumnyonyesha nikasahau kurudi."

Mzee akamgeukia Masinga.

"Leo sikupi binti. Aliyemzika mama yake mzima, mimi mkwe ataniweka wapi? Nenda kwenu. Rudi na ndugu za baba yako, na huyu mama atangulie mbele. Akitangulia yeye, mlango uko wazi."

Tabita akashusha birika chini, akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

Alhamisi tukarudi Haneti, safari hii juu ya magunia, maana dereva wangu alijaza watu mbele. Aliponiona akapiga honi. "Bibi, matanga yalikuwaje?" Nikamwambia marehemu kashindwa kukaa kaburini. Masinga kalivua koti, kalikalia. Bwana Vifungo sina ugomvi naye, wajukuu zangu. Ni mchapakazi, na mwanangu kapata duka kwa kumfuata yeye. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kujitengeneza kweli, lakini kuna aliyeacha kula kitu fulani ili yeye atengenezeke, naye apewe kiti.

Tulipopita Makutupora akaniambia, "Mama, hebu nisimulie ile ya Bwana Vifungo."

Nikasimulia. Treni, vifungo, meza, duka, jumba. Nikafika ukurasa wa mwisho, yuko dirishani juu kabisa, anatazama mji. "Akasikia hodi," nikasema. "Akafungua. Mama yake huyo, kapanda ngazi zote kwa miguu, kabeba furushi."

Nikanyamaza, nikingoja aseme haimo kitabuni.

Lori likayumba. Masinga akanishika mkono nisianguke.

"Alimletea nini?" akauliza.

"Mlenda," nikasema. "Mkavu. Na bado uko chini ya meza dukani kwako, hujaufungua."