Soksi za Maboya

Kifungua mimba wangu tulimwita Kobe tangu hajang'oa jino la kwanza, kwa sababu haharakishwi. Kazi yake sasa ni kuitazama bahari kutoka juu. Setilaiti hupima maji, na mahali yalipoinuka au kubonyea kidogo, yeye hujua hapo yanazunguka. Mizunguko anayoitafuta ni midogo. Leo ipo, wiki ijayo imepotea.

Mwezi uliopita aliona mmoja. Mkuu wake akasema ni kasoro ya picha. Athibitishe kwa maboya yanayoelea na kutuma taarifa ya mahali yalipo, la sivyo meli yao ya utafiti ipewe kazi nyingine.

Kila boya huning'iniza chini mfuko mrefu wa kitambaa, wenyewe wanauita soksi, ili lifuate maji lisisukumwe na upepo. Soksi hizo nilizishona mimi, maana ushonaji ndiyo kazi yangu, kila mshono nikiurudia.

"Mama, unamshonea bwana harusi?" akanitania.

"Bwana harusi harushwi baharini."

Meli ikayamwaga maboya. Kwenye kompyuta yake, pale sebuleni, yakawa nukta zinazopinda pamoja. Nilizichunga kuliko nilivyowahi kuwachunga wanangu. Mara nukta moja ikaziacha nyingine, ikanyoosha njia.

Mkuu akapiga simu. "Unaona? Maji yangekuwa yanazunguka, boya lisingetoka."

"Mengine bado yanazunguka, mzee. Nipe hadi setilaiti ipite tena."

Alipokata simu nikamwambia, "Ni mshono wangu. Soksi imechomoka, upepo unalipeleka. Nimekuharibia, mwanangu."

"Subiri, mama."

Ndani ya boya mna kifaa kinachohisi uzito wa soksi. Akatafuta taarifa zake taratibu, na mimi roho juu.

"Soksi ipo."

"Sasa mbona limekimbia?"

"Maji ndiyo yamelichukua. Nadhani mzunguko umetoa mkia wa maji."

Kesho yake picha mpya ikaonyesha duara, na ubavuni mwake mkia mwembamba. Nukta yetu ilikuwa humo humo mkiani. Kobe akamtumia mkuu picha. Jibu likaja: "Meli ibaki. Ongeza maboya."

"Uzi umebaki?" Kobe akaniuliza, kama mtu anayeulizia chumvi.

"Mweusi umekwisha. Samaki watavumilia wa bluu."

Akacheka, akaenda kuoga. Mimi nikaukamata ule uzi wa bluu kwa meno, nikauvuta kwa nguvu, nione kama utakatika.