Ua Lililoitwa Haifi

Nina ugomvi wa siku nyingi na ua moja dogo, tena si la kwetu. Linaota juu sana Mlima Kilimanjaro, pale miti inapokoma na baridi inapoanza kuuma mifupa. Majani yake ni ya kijivu, petali zake nyeupe na kavu, ukizigusa zinachakarisha kama karatasi. Shemeji yangu na ndugu zake walikuwa wakiliita Haifi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na toka siku ya kwanza nilisema: kama ni ua, liitwe Halifi. Pale nyumbani Bariadi hakuna aliyeona hilo ni jambo la kuumiza kichwa.

Lililetwa na dada yangu mkubwa. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia, maghala ya ushirika yakabaki matupu, na makampuni ya watu binafsi yakaanza kuleta malori Kasoli, karibu na kwetu, kununua pamba. Dereva wa lori mojawapo, kijana wa Rombo, alikuja kwa ajili ya pamba akaondoka na dada yangu. Sisemi alimwiba, ng'ombe walitolewa na ndoa ikafungwa. Ila Rombo ni mbali.

Msimu uliofuata dada alikuja kutusalimia, akashuka kwenye lori na kopo la rangi lililojaa udongo mweusi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama akipiga goti. Kisha akamkabidhi kopo. "Shemeji yangu hupandisha wazungu mlimani, ndiye aliyelishusha. Linaitwa Haifi. Ukiliona zima, ujue na mimi ni mzima."

Laiti angeyameza hayo maneno ya mwisho.

"Ni dawa ya nini?" mama aliuliza. Kwetu mmea usiotibu, usiolika na usioezeka ni majani tu.

"Si dawa, mayu. Ni ua."

Mama alicheka, lakini dada alipoondoka alilihamishia kopo karibu na mlango wake. Tangu hapo kila asubuhi aliliinamia na kusema, "Yuko mzima." Yuko! Kama anamsema mtu. Nilijaribu kumsahihisha nikachoka.

Jina lile ndilo lililonitia wazimu. Jirani alimwaga maji ya sabuni kwenye kopo akaniambia, "Si haifi?" Baba alifunga ndama hatua chache kutoka pale, nami nilipolalamika akanijibu, "Si mmesema wenyewe haifi?" Ungeliita Dhaifu, kila mtu angelipita kwa adabu. Kiangazi, mto ulipokauka, ni mimi niliyechimba mchangani kutafuta maji, na ni mimi niliyelihamisha kopo kutoka juani kwenda kivulini, huku wote wakinishangaa.

Halafu bei ya pamba ikaanguka. Kampuni ya shemeji ikaacha kununua huku kwetu, na malori yake hayakuonekana tena. Simu za mkononi zilikuwa bado, na habari za dada zilikuwa zikija na lile lori tu. Ulipita msimu mzima, ukaja mwingine.

"Mama, nenda ukamwone," nilimwambia.

"Mama mkwe akalale nyumbani kwa mkwewe? Unataka nichekwe?" Akanionyesha kopo. "Halafu nimfuate wa nini? Si huyu hapa, yuko mzima."

Nilikuwa natamani kulipiga teke lile kopo. Ningeenda mwenyewe, lakini baba alishikilia kwamba dada angekuwa na shida angeleta habari, na ua la mama likawa ushahidi wake.

Asubuhi moja nililimwagilia, maji yakapita kopo zima na kutokea chini kana kwamba hamna kitu ndani. Nikalishika shina. Likavunjika, ta! Ndani ya udongo mchwa walikuwa wameshamaliza mizizi.

"Umemvunja!" mama alipiga kelele.

"Nimevunja kijiti, mama. Limekufa zamani."

Akalichukua mkononi, akaligeuza huku na huku. "Mbona jeupe vilevile?"

"Ndivyo lilivyo. Hata likifa halibadiliki. Nadhani ndiyo maana wakaliita hivyo."

Mama akakaa kwenye kigoda. "Kwa hiyo lilikufa lini?"

Kwa mara ya kwanza alisema "li", kama nilivyotaka siku zote, na sikufurahi hata chembe.

"Sijui, mama."

"Na huko mlimani, wao wanajuaje kama liko hai?"

"Sijui."

Akaniambia nimtolee kitenge chake cha safari. Baba alianza kumkumbusha habari za mkwe na aibu. Mama akawa anakunja kitenge. Kesho yake akapanda basi, mtu ambaye alikuwa hajawahi kusafiri mbali kuliko Mwanza.

Alimkuta dada yu hai, amekonda, mumewe hana kazi. Alikuwa amezaa pia, mtoto wa kiume, ambaye mama alionyeshwa kaburi lake nyuma ya migomba. Alizaliwa na kuzikwa katika miezi ileile ambayo sisi Bariadi tulikuwa tukimwagilia kijiti na kuambiana yuko mzima.