Kuku wa Angani

Juma lililopita, katika ndege ya kwenda Ulaya, nilikaa safu moja na mzee wa Kasulu, mkewe na binti yao. Walikuwa wanakwenda kumbatiza mjukuu, na tangu alfajiri hawajatia kitu tumboni.

Mhudumu alipoleta kuku na maji ya machungwa, mzee akamrudishia bilauri.

"Onja kwanza, binti yangu."

"Samahani mzee, kazini haturuhusiwi."

"Na sisi haturuhusiwi. Kwetu mgeni hanywi mpaka mwenyeji aonje."

"Baba, hapa si Kasulu," binti yake akanong'ona.

"Sumu haijui mpaka." Mzee akakunja mikono. Mkewe naye akakunja, macho yakibaki kwa kuku.

Mimi, msafiri mzoefu, nilikuwa nimeshamaliza nusu ya sahani. Nikainua kichwa, nikakuta wote watatu wananitazama mdomo.

"Huyu amekula zamani," mama akasema, "na rangi yake bado nzuri."

"Tumpe muda kidogo," mzee akajibu.

Nikakaa wima, nikatabasamu kama mtu mwenye afya. Hatimaye mzee akashika kijiko, na wenzake wakashika. Ndipo pilipili iliponipalia, nikakohoa mpaka machozi. Vijiko vitatu vikarudi mezani.

"Pole mwanangu," mama akaniambia kwa huruma ya kweli. "Umeacha watoto?"

Ilinibidi nionje sahani zao moja moja, bila kukohoa, ndipo wakala. Nimetembea nchi nyingi nikiwa mgeni. Mara ya kwanza kuwa mwenyeji, ni kwenye ndege isiyo yangu.