Koleo la Baba na Waya wa Bibi

Fundi baiskeli wa jirani hupaka koleo lake mafuta ya nyonyo lisishike kutu. Kila nikipita pale, harufu ile hunisimamisha.

Baba alikuwa mhunzi huku Mbozi. Kwa koleo alishika chuma cha moto, alinyoosha misumari, hata majirani aliwang'oa meno. Siku moja asubuhi alilileta kwa bibi, mama yake. Mkono wa bibi ulikuwa umevimba, na waya wa shaba aliozungushiwa na babu siku ya ndoa yao ulikuwa umezama kwenye nyama.

"Mama, niukate tu," baba alisema.

"Ukikata, umeniachanisha na marehemu baba yako. Fungua mzunguko mmoja mmoja, kama alivyofunga yeye."

Ndivyo ilivyo kwetu, waya wa mke haukatwi. Baba akapaka mafuta ya nyonyo, akabana ncha kwa koleo, akaanza kuurudisha nyuma. Mimi nilishika kiwiko cha bibi. Ngozi ilitoka pamoja na waya. Sikulia, wala sikuhisi kitu. Nilikuwa nahesabu mizunguko tu.

"Vuta bwana wewe! Unachuma mboga?" bibi alimtania, huku jasho likimtiririka.

Ilikuwa mizunguko kumi na mmoja. Baba alikaa chini, koleo mapajani, akihema. Nikadhani tumemaliza.

Bibi akamnyooshea mkono wa pili, ule mzima.

"Haya, nivishe huku."